Mwili wa Pili Pale Mlambalasi: Maoni ya Msomaji Kuhusu Riwaya na Vitabu vya Historia

Hotuba iliyotolewa mbele ya wasomaji na walimu mjini Iringa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, wanafunzi na wasomaji wenzangu, kamwene!

Nimeombwa nitoe maoni yangu kuhusu riwaya na vitabu vya historia nilivyovisoma, na nimeombwa pia nisione haya kusema kipi nakipenda na kipi hakikuniridhisha. Nitafanya hivyo. Kwa kuwa maoni ya msomaji hayana mamlaka yoyote isipokuwa ile ya sababu zake, ni haki yenu kujua mapema ninapimia nini. Kila ninapofungua kitabu, kiwe riwaya au historia, nauliza swali moja: mtu asiye na cheo anatendewaje humu ndani? Ana jina? Anasema? Anaruhusiwa kuogopa, kukosea na kubadili nia, au ameletwa tu kujaza safu ya wapagazi nyuma ya mkubwa?

Swali hili nimelipata hapa hapa Uhehe. Hakuna mtoto wa Iringa asiyesimuliwa kwamba tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye wazee walimwita Nyundo, kilishambuliwa na wapiganaji wa Mkwawa, na Zelewski mwenyewe akauawa. Kwamba ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Na kwamba baada ya kuwindwa porini kwa karibu miaka minne, Mtwa, yaani mtawala wetu Mkwawa, alijipiga risasi kule Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili adui asimtie mkononi akiwa hai. Fuvu lake lilirejeshwa mwaka 1954 na Gavana Twining, na leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, ambako walimu wengi mliomo humu mmewapeleka wanafunzi wenu. Hayo tunayajua. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Sajenti Merkl na askari wake walipoifikia kambi ile ya Mlambalasi walikuta miili miwili. Mmoja ulikuwa wa Mtwa. Wa pili ulikuwa wa mtu aliyekuwa akimtumikia, aliyebaki naye katika njaa na baridi ya siku zile za mwisho wakati wengi walikwisha kukamatwa, kuuawa au kusalimu amri.

Naomba nieleweke. Sitaki Mkwawa apunguzwe hata kidogo. Nataka kujua yule wa pili alikuwa nani, alikuwa mtoto wa nani, alibaki kwa mapenzi, kwa kiapo au kwa kukosa pa kwenda, na alipokufa alikuwa na miaka mingapi. Kitabu cha historia kinachomaliza habari ya Mlambalasi bila kumtazama mtu huyu, kwangu mimi, kimeifanya kazi nusu. Na riwaya ambayo ingeanza na yeye, ikaturudisha nyuma hadi Lugalo kwa macho yake, ndiyo ambayo ningeinunua siku ile ile ingefika dukani.

Miongoni mwa maandishi ya kitaaluma kuhusu vita hivyo, ninayoyaheshimu kuliko mengine ni ya Alison Redmayne, aliyekuja kufanya utafiti miongoni mwa Wahehe na kuchapisha mwaka 1968 makala ndefu kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe. Nayapenda kwa sababu hayapigi vigelegele. Anaonyesha jinsi Munyigumba, baba yake Mkwawa, alivyoziunganisha himaya ndogo ndogo kuwa dola moja. Dola haijengwi bila watu wengine kushindwa, na ndiyo maana historia hiyo hiyo ukiisikilizia Usangu, upande wa Mbeya, inasikika tofauti kabisa. Huko Merere, mtawala wa Wasangu, alishirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, na watu wake walikuwa na sababu zao, kwa maana walikuwa wamekwisha kufukuzwa kwenye nchi yao na Wahehe. Mwalimu anayefundisha Iringa na mwenzake anayefundisha Mbarali wangefanya vyema kubadilishana madarasa kwa wiki moja.

Tamthilia ya Mugyabuso Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, iliyotoka mwaka 1979, si riwaya, lakini siwezi kuzungumza Iringa nikaipita kimya. Imewapa vijana wetu Mkwawa anayesema Kiswahili jukwaani, na hiyo ni kazi kubwa. Ninaiweka karibu na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, ambayo mwandishi wake alieleza waziwazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni mtu wa kubuni, asichukuliwe kuwa picha kamili ya yule aliyeishi Ngarambe. Uaminifu wa namna hiyo naudai kwa kila mwandishi wa sanaa anayeigusa historia: atuambie amesimama wapi, kisha tumwache abuni kwa uhuru wote.

Nikiwa kwenye Maji Maji, niwaeleze jambo lililonifurahisha. Tumezoea kufundisha kwamba vita vile vya 1905 hadi 1907 vilikuwa kitu kimoja, chenye chanzo kimoja na shabaha moja. Mwaka 2010 kilitoka kitabu cha makala kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson, na humo Giblin anaandika kuhusu Yakobi, karibu na Njombe, ambako misheni ya Kilutheri ilishambuliwa mwezi Septemba 1905. Wazee wa Yakobi aliozungumza nao waliviita vita vya Korosani, kwa jina la mmisionari Gröschel kama lilivyotamkwa na wenyeji. Kwa wazee wale kumbukumbu ilihusu jirani, mashamba, misheni na koo zilizogawanyika, na ndani yake taifa zima lililoungana halikuonekana sana. Wapo wanaosikitika wakisoma hivyo, wakidhani kwamba tunanyang'anywa umoja wetu. Mimi naona tunarudishiwa watu wetu. Mtu aliyekimbilia ndani ya misheni na mtu aliyeizingira wangeweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na historia isiyoweza kuwabeba wote wawili bado haijawa yetu.

Sasa niseme kuhusu kitabu ambacho kila mwalimu wa historia amekisikia hata kama hajakiona: historia ya kisasa ya Tanganyika ya John Iliffe, iliyotoka mwaka 1979, kurasa zaidi ya 600. Watu hukiogopa kwa unene wake. Mimi nawashauri wakisome kuanzia mahali popote panapotajwa kwao, kisha watanuke kutoka hapo. Iliffe alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ile ambapo wanafunzi walitumwa kwao kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji, na tabia hiyo ya kusikiliza kutoka wilayani inaonekana katika kila sura. Yeye ndiye pia aliyehariri mwaka 1973 kitabu kidogo cha wasifu wa Watanzania mbalimbali, na nikilazimishwa kuchagua nitasema kwamba hicho kidogo ndicho kilichonifundisha zaidi, kwa sababu ndani yake maisha ya mtu mmoja mmoja yanaachwa yaende urefu wake.

Walter Rodney nitamtaja kwa ufupi, ingawa najua wapo humu wanaomkariri kwa moyo. Kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, kilinitikisa nilipokuwa kijana, na hoja yake kuu bado haijavunjwa machoni pangu. Lakini nilipokirudia nikiwa mtu mzima niliona kwamba humo Mwafrika wa kawaida anahesabiwa, anatetewa, anaonewa uchungu, ila hapewi nafasi ya kusema. Huenda ukubwa wa kazi aliyojitwika Rodney haukumruhusu. Mimi nimekirudisha rafuni kwa heshima, na nimeendelea kutafuta wanaosema.

Wanaosema nimewakuta Njombe, katika kitabu kingine cha Giblin cha mwaka 2005. Hiki nawaomba mkitafute. Anaandika kuhusu familia za Njombe katika karne ya ishirini, watu ambao serikali, ya mkoloni na hata iliyofuata, iliwahitaji kwa jasho lao lakini ikawaacha nje ya manufaa, na ambao kwa hiyo waliijenga familia iwe kimbilio lao. Humo wamo manamba. Kwa vijana wasiojua, manamba ni wale waliochukuliwa kwa mkataba kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, hasa upande wa Tanga, wakihesabiwa kwa namba. Wakala wa kuwaajiri, SILABU, alijulikana vijiji vyote vya huku. Katika ukoo wetu mjomba wa mama yangu alikwenda na hakurudi. Nilipokuwa mdogo jina lake lilitajwa wakati wa matambiko tu, wala hakuna aliyeeleza aliishia wapi. Kitabu cha Giblin hakikumtaja mjomba huyo, lakini kilinieleza kwa nini alikwenda: kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha Njombe haikuwepo. Kilinieleza pia mambo ambayo wanawake walioachwa walifanya ili shamba lisife. Sijawahi kusoma kitabu cha historia nikahisi kwamba kimeingia nyumbani kwetu bila kuvunja mlango, isipokuwa hicho.

Kwa upande wa Mbeya, nawaelekeza kwa Marcia Wright. Mwaka 1971 aliandika kuhusu misheni za Wajerumani katika Nyanda za Juu Kusini, Walutheri na Wamoravian, na ni kitabu kizuri, ila bado wamisionari ndio walioshika usukani. Mwaka 1993 alitoa kingine, kuhusu wanawake waliotekwa, kuuzwa na kurithiwa katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na hapo mambo yakageuka. Wanawake kama Narwimba, Chisi na Meli wanasimulia maisha yao. Sehemu ya masimulizi hayo ilihifadhiwa na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyeishi Utengule na kuandika sana kuhusu Wasafwa. Ukisoma unaona mwanamke anavyopima hatari: akae kwa nani, aombe hifadhi kwa nani, nani atamlinda mwanawe. Hakuna shujaa wa mkuki humo. Kuna akili ya mtu aliyenyimwa kila kitu isipokuwa kufikiri, naye akafikiri. Mtu akiniuliza ushujaa wa Nyanda za Juu Kusini uko wapi, nitamtaja Mkwawa, na pumzi hiyo hiyo nitamtaja Narwimba.

Kwa wapenzi wa reli, Jamie Monson aliandika mwaka 2009 kuhusu TAZARA, ile njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Vitabu vingi kuhusu reli hiyo ni vitabu vya viongozi wakuu na mahandaki. Chake kinashuka kwenye behewa la treni ya kawaida. Alitumia hata stakabadhi za mizigo za vituoni kujua ni nani aliyesafirisha nini, kutoka wapi kwenda wapi, na kwa njia hiyo wafanyabiashara wadogo wa kati ya Mlimba na Makambako, waliopanda kile walichokiita kipisi na magunia yao, wameingia katika historia ya dunia kwa jasho lao wenyewe.

Nigeukie riwaya, na nianze na ya nyumbani. Claude Mung'ong'o aliandika Mirathi ya Hatari, iliyotoka mwaka 1977, na mandhari yake ni kwetu Njombe. Gusto, kijana msomi, anaitwa nyumbani baba yake yu mahututi, naye anagundua kwamba urithi anaoachiwa ni uchawi. Wanafunzi wengi huisoma kama hadithi ya kutisha. Kwangu mimi uzito wake uko katika chumba kile cha mgonjwa, ambamo kijana aliyefundishwa shuleni kwamba mambo haya hayapo anakaa mbele ya baba anayemkabidhi kitu ambacho hawezi kukikataa bila kumkana baba mwenyewe. Hakuna kitabu cha historia nilichokisoma kinachoweza kukuingiza katika chumba hicho. Mwanahistoria atakuambia imani za uchawi ziliongezeka au zilipungua wakati fulani; Mung'ong'o anakufanya usijue ungefanya nini. Sipendi sana mwendo wa kihalifu unaoshika sehemu kubwa ya kitabu baadaye, kwa sababu mauaji yanapoanza, nafsi ya Gusto inarudi nyuma. Hata hivyo nashangaa kwamba kitabu hiki hakizungumzwi kila mwaka hapa mkoani na kwa jirani zetu Njombe kama mali yetu. Riwaya yake nyingine, Njozi Iliyopotea, inayohusu vijiji vya ujamaa na viongozi walioiharibu ndoto ile, nayo ingefaa isomwe na kila anayeandika historia ya miaka ya sabini.

Na miaka ya sabini, hapa Iringa, inaanza Isimani. Wenye umri wangu wanakumbuka tulivyopata habari. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na kufa shambani kwa mkulima Said Mwamwindi, ambaye aliupakia mwili katika gari la marehemu na kwenda kujisalimisha polisi. Alishtakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Isimani ilikuwa nchi ya mahindi, matrekta na wakulima wakubwa, na hapo ndipo siasa ya ujamaa vijijini ilipokutana na mtu ambaye aliona shamba lake linachukuliwa. Chuo cha ualimu mjini hapa kimepewa jina la Klerruu. Upande wa Mwamwindi umebaki katika mazungumzo ya vibarazani.

Miaka minne baadaye, mwaka 1975, Euphrase Kezilahabi alichapisha Dunia Uwanja wa Fujo. Humo Tumaini, baada ya ujana wa ovyo, anakuwa mkulima tajiri, kisha mali yake inapoguswa na siasa mpya anamuua kiongozi wa serikali. Wasomaji na wahakiki wengi wameona kivuli cha Isimani katika kisa hicho, nami nakiona. Nasema bila kusita kwamba ujasiri wa kuandika hivyo, wakati damu ya tukio lenyewe ilikuwa haijakauka, hauna mfano mkubwa katika fasihi yetu. Kezilahabi hakumfanya Tumaini malaika wala hakumfanya nyoka. Amemfuata tangu ujana, ili tunapofika kwenye risasi tuwe tunamjua mtu, tushindwe kusema kwa wepesi kwamba alikuwa bepari tu au mwonewa tu.

Lakini kipimo changu ni kile kile, na kwa kipimo hicho nina neno dhidi ya riwaya hii ninayoipenda. Ningetamani vibarua wa Tumaini wapate kurasa zaidi. Shamba kubwa halilimwi na mwenye shamba. Kule Isimani palikuwa na watu waliotoka mbali kuja kupalilia na kuvuna kwa ujira mdogo, na siasa ya ujamaa ilisema kwamba imekuja kwa ajili yao. Walionaje? Walimlilia nani siku ile ya Krismasi? Wasomi walioichunguza Isimani wakati ule walihesabu ekari, matrekta na matabaka, na takwimu hizo ni za lazima. Riwaya ikatupa moyo wa tajiri na kiburi cha kiongozi. Kati ya takwimu na mioyo hiyo miwili, kibarua amepita bila kuulizwa. Wapo bado wazee wa Isimani wanaoweza kuulizwa, ingawa si kwa muda mrefu.

Nitasema sasa jambo ambalo huenda likawakera baadhi yenu. Sivutiwi na Kusadikika kama wengi wanavyovutiwa. Shaaban Robert ni mzazi wa nathari yetu, na kila niandikapo sentensi ndefu najua ninadaiwa na yeye. Hata hivyo, Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi ya mawazo. Karama anapojitetea mbele ya mfalme naisikia hoja, nainamia ufasaha, lakini simjui Karama anakula nini wala anamkumbuka nani usiku. Ninapotaka kukutana na Shaaban Robert ninafungua Maisha Yangu, ambamo yumo mtumishi mdogo wa serikali ya kikoloni, mfiwa, baba mwenye watoto wa kulea, mtu anayehamishwa kazi na kusafiri akiwa na mizigo yake. Humo hekima zake zina mwili. Najua Kusadikika ilimfaa mwandishi aliyetaka kuusema utawala mbaya chini ya mkoloni bila kuingia matatani, na hilo nampa. Ila kijana wa kidato cha nne anayeanza kusoma ningempa Maisha Yangu kwanza.

Kama nikiambiwa nichague riwaya moja tu, nitachagua ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapaji kwa miongo mitatu na zaidi, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Kisa chake ni chepesi kukisema: mume na mke wanapendana na hawana mtoto. Wazazi wa mke wamemchukua binti yao kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume, na mume anakwenda kumrudisha. Hakuna mtemi anayeamua jambo, wala vita vikubwa. Kuna Myombekere anayetozwa faini ya pombe na wakwe zake, na jinsi pombe hiyo inavyopikwa, kuanzia ndizi zinavyoivishwa, nani anakamua, nani anasaidia, mitungi inavyobebwa na njiani wanasalimiana vipi. Wapo wanaolalamika kwamba kinakwenda polepole. Kinakwenda kwa mwendo wa watu wanaoishi. Kitereza aliogopa kwamba vizazi vijavyo havitajua wazee wao waliishije, na akaandika kwa uangalifu ambao mwanahistoria yeyote angeuonea wivu, huku akiwalinda Myombekere na Bugonoka wasigeuke kuwa mifano ya mila. Wanabaki mume na mke. Wabena, Wahehe, Wakinga, Wanyakyusa na Wasafwa hatuna kitabu cha namna hii, na kila mwaka mzee anapozikwa sura moja yake inaondoka.

Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inayohusu wachukuzi wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, nayo inafaulu kipimo changu bila shida, ingawa mwishoni mwandishi ana haraka ya kutufundisha.

Abdulrazak Gurnah nimemfikia kwa kuchelewa, kama Watanzania wengi, baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Paradise, riwaya yake ya mwaka 1994, sasa tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na mwenye shaka kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba aisome. Lakini inayotuhusu zaidi sisi wa huku ni Afterlives, ya mwaka 2020, kwa sababu inagusa vita vya Wajerumani na askari wao weusi. Tunapowasimulia wanafunzi habari za Lugalo na Kalenga tunasema "Wajerumani", tukijua kabisa kwamba wengi waliobeba bunduki upande ule walikuwa Waafrika. Gurnah anathubutu kumwingia askari huyo. Hamza anajiunga kwa hiari, kijana asiye na kwao, naye anajeruhiwa na jeshi lile lile alilolitumikia. Mwandishi hamsamehe haraka wala hamhukumu haraka. Na kuna tukio moja ambalo sikuweza kulipita: Afiya, mtoto wa kike yatima, anapigwa na mlezi wake hadi mkono unavunjika, kwa sababu amegundulika kwamba anajua kuandika. Mistari michache tu. Nimesoma takwimu nyingi kuhusu elimu ya wasichana enzi za ukoloni na nimezisahau. Mkono ule siusahau.

Ndugu Mwenyekiti, katika vitabu nilivyovitaja mmeona kitu. Karibu riwaya zote zipo kwa Kiswahili, na karibu vitabu vyote vya historia vipo kwa Kiingereza. Mama wa Njombe ambaye maisha ya mama yake yamo ndani ya kitabu cha Giblin hawezi kukisoma. Mjukuu wa watu waliosimulia habari zao Utengule anazikuta kwa lugha ya tatu, katika kitabu ambacho bei yake inazidi karo ya mtoto. Mtaala mpya umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, nami nalifurahia kwa dhati. Lakini somo bila vitabu vya kina vya Kiswahili litabaki kuwa orodha ya tarehe na majina ya wakubwa, na wanafunzi wataichoka mapema. Wanaojua lugha zote mbili humu ndani si wachache. Sura moja ya kitabu, ikitafsiriwa kwa ruhusa ya wenye haki na kusomwa katika darasa la Makambako au Tukuyu, ni kazi ambayo mtu mmoja anaweza kuifanya katika likizo moja.

Kuanzia mwezi ujao tutakutana hapa hapa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na tumekubaliana na mkutubi kwamba tutaanza na Kitereza, kitabu cha kwanza, sura tatu za mwanzo. Nakala zilizopo ni chache, kwa hiyo wanaokaa mtaa mmoja waazime pamoja na kusomeana kwa sauti. Wenye wazazi au babu waliofanya kazi Isimani, waliokwenda mkonge, au waliojenga reli, nawaomba mje nao. Tutawatengea saa ya kwanza, kabla hatujafungua kitabu.

Asanteni kwa kunisikiliza.